Vitabu: ununue ukikiona, umalize kwanza ulichonacho, uazime, au usomee kwenye simu?

Mpwa wangu kashuka kwenye boti juzi na mkoba wa vitabu tisa. Saba kavinunua Dar kwa wale wanaotandaza chini maeneo ya Posta na viwili kavitoa dukani, na huku nyumbani kwao Mpendae ana vyengine kwenye boksi ambavyo hata plastiki hajavivua. Kanikalisha barazani ananambia mjomba nifanyeje, kila mwezi nnanunua vitatu na nnamaliza kimoja, na mama kashaanza kunambia bora hizo pesa ningenunua sahani. Nimemjibu siku ile ile lakini jibu langu lilikwenda huku na huku, na nnajua wapo wengi wenye hali kama yake, kwa hiyo nimekaa niziandike njia zote nilizowahi kuzijaribu mwenyewe kwa miaka, ipi inakupa nini na ipi inakula nini, kwa mtu anaeishi hapa Unguja au Pemba.

Tuanze na hesabu maana bila ya hesabu tutabishana mpaka alfajiri. Mimi nikishasali Isha na kula, kabla ya usingizi nnasoma kurasa 15, siku nzuri 20. Kitabu cha kurasa 250 kwa mwendo huo ni siku 17. Toa Ramadhani, toa siku za wageni, toa harusi na misiba, toa zile siku unarudi kazini umechoka unalala na kofia kichwani, unabaki na kitabu kimoja kwa mwezi, 12 kwa mwaka, na huyo ni msomaji mzuri msimdharau. Sasa vinaingia 36 vinatoka 12, kila mwaka vinabaki 24, miaka mitano unavyo 120 ambavyo hujavigusa. Kwa hiyo mtu asikwambie "soma zaidi" akadhani kakusaidia, hata ukisoma mara mbili ya hapo bado vinakushinda. Wajapani wana neno lao zima kwa jambo hili, tsundoku, kununua vitabu ukavirundika bila kuvisoma, na neno lenyewe ni la tokea enzi ya Meiji iliyomalizika 1912, yaani watu walikuwa hivi kabla ya simu, kabla ya televisheni, kabla ya yote hayo tunayoyalaumu.

Haya, njia ya kwanza, kununua ukikiona. Hii ndio njia ya mpwa wangu na ndio ilikuwa yangu kwa miaka mingi, na nataka niitetee kwanza maana watu wanaikemea bila ya kuijua. Visiwani maduka ya vitabu unayahesabu kwa vidole, na ukitoa vitabu vya skuli na vitabu vya dini kinachobaki ni kidogo sana, Pemba ndio usiseme. Kitabu ulichokiona leo kwa mtu kakitandaza chini, ukisema ntarudi kesho, kesho hakipo na hujui utakiona wapi tena. Riwaya za Kiswahili hasa, zile zinazosomeshwa skuli zinachapwa tena na tena, lakini isiyosomeshwa mara nyingi nakala zikimalizika ndio basi, utaitafuta kwa miaka utaikuta kwa mtu imekatika jalada na haiuzi. Na mwandishi Abdulrazak Gurnah alipopata Nobel ya fasihi 2021, mtoto wa hapa hapa, kila baraza jina lake, lakini mimi nilizunguka mjini kutafuta kitabu chake kimoja nikarudi mikono mitupu. Riwaya yake Paradise ilitoka 1994 na Kiswahili chake, Peponi, kimetoka 2022 kwa Mkuki na Nyota, miaka 28 hiyo. Kitabu kilichochukua miaka 28 kuja kwenye lugha yako unakiona dukani unaambiwa usubiri mpaka umalize vya nyumbani? Mimi siwezi kumwambia mtu hivyo.

Na kuna jambo jengine kubwa zaidi, huwezi kujua lini wasaa utakuja. Wale wa umri wangu wanaikumbuka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa umeme unaotoka Bara uliharibika na Unguja nzima tukakaa kiasi cha miezi mitatu kwenye giza. Mwenye jenereta ana jenereta, sie wengine kandili. Jioni hakuna televisheni, simu unaichaji kwa foleni na kwa pesa, watu wanakaa nje mpaka usiku mkubwa kwa joto lile la kaskazi. Mimi nilikuwa na boksi chini ya kitanda, vitabu nilivyovinunua kidogo kidogo na kila mtu kaniona sina akili, na miezi ile mitatu nilisoma vingi kuliko nilivyosoma mwaka mzima uliotangulia. Nnakumbuka kioo cha kandili kimeingia moshi upande mmoja, ukurasa wa kushoto unauona vizuri wa kulia unausoma kwa kubahatisha, na mke wangu ananambia soma kwa sauti basi na sie tusikie. Tulimaliza riwaya mbili namna hiyo, yeye anasuka ukili mimi nnasoma, na watoto wa jirani wanakuja kukaa. Kama nyumba ingekuwa haina vitabu wasaa ule wote ungepita bure. Kwa hiyo vitabu visivyosomwa ni akiba kweli, kama mchele wa stoo.

Lakini mchele wa stoo unaingia wadudu, na hapo ndipo njia hii inapotula sisi kuliko inavyowala watu wa kwengine.

Kisiwa hiki kina unyevu mwaka mzima, na ikija masika, Machi mpaka Mei, nguo zenyewe kwenye kabati zinanuka sembuse karatasi. Kwa anaekaa Mji Mkongwe ni zaidi, nyumba zile ni za mawe na chokaa na kuta zinanyonya maji na chumvi, ukiegemeza rafu ukutani umeiegemeza kwenye beseni. Nilikuwa na kitabu cha historia nilikinunua kwa shilingi elfu 25, pesa ya maana kwangu wakati ule, nikakiweka rafu ya chini nikasema hiki cha likizo. Likizo zikapita nne. Siku nakitoa kikatoka na rangi ya ukuta mgongoni. Jalada nje zuri tu linang'ara, kufungua ndani kurasa zimegandana kama chapati za jana, ukizivuta zinaacha ngozi, pembeni kote madoa ya rangi ya chai yamejichora, na harufu ile ya koga inayokamata kooni. Kibandiko cha bei bado kipo. Vile vijidudu vya rangi ya fedha vikatoka mgongoni vinakimbia. Nilikaa nacho mapajani kiasi cha nusu saa nikijaribu kuokoa sura ya kwanza tu, haikuokoka. Rafiki yangu wa Wete yeye ni mchwa, boksi lilikuwa juu ya sakafu ya udongo, juu unaona vitabu vimepangwa vizuri, akashika kimoja akabaki na jalada mkononi, ndani ni udongo mtupu.

Kile kitabu cha historia kilikuwa pamoja na vyengine kumi kwenye rafu ile ile, ukuta ule ule, masika yale yale. Vilivyoharibika ni vitano, na vyote vitano ni vile sijavifungua tokea siku ya kununua. Vilivyokuwa vinasomwa, vinaazimwa, vinachukuliwa vinarudishwa, vilikuwa na alama za vidole na chai lakini vizima. Kitabu kinachofunguliwa kinapata hewa. Tokea siku hiyo nimeacha kujiuliza nina pesa za vitabu vingapi, au nina nafasi ya vingapi, nnajiuliza mikono yangu inaweza kuvifungua vingapi.

Njia ya pili, kumaliza kwanza ndio ununue. Wenye bajeti ndogo hii ni yenu, sitazunguka. Pesa haikai rafuni, unyevu haupati kitu cha kula, na unakifungua kitabu kikiwa bado na hamu ya siku ya kukinunua, jambo ambalo halisemwi sana lakini mimi nimeliona, kitabu nilichokisoma wiki niliyokinunua nnakikumbuka, nilichokiweka miaka miwili nnakifungua nnajiuliza kwa nini nilikitaka. Na siku hizi njia hii ni rahisi kuliko zamani, una mtu Dar unampigia, anakwenda dukani, anakipa mtu wa boti, na pesa umetuma kwa simu. Kesho yake uko bandarini unakichukua. Unalipa kidogo zaidi lakini unalipa kitabu kimoja unachokisoma badala ya vitatu ambavyo viwili vyake vinaliwa na masika.

Kasoro yake ni ile niliyoisema, vile ambavyo havirudi. Na kasoro ya pili ni kuwa inamfunga mtu kwenye kitabu kibaya. Kuna jamaa yangu alikaa miezi minne hasomi chochote kwa sababu alishajiwekea sharti amalize kwanza, na kile alichonacho hakimwingii, kila usiku anakishika anakiweka. Ukichagua njia hii jipe ruhusa ya kukiacha kitabu katikati bila ya dhambi, mpe mwengine, endelea.

Njia ya tatu, kuazima. Hii watu wanaipita tu na inanisikitisha, wallahi. Maktaba Kuu ipo pale Maisara, Pemba ipo Chake Chake, na mtu ana vitabu mia nyumbani hajawahi kuingia hata siku moja. Nenda ukaulizie masharti yao ya kuazima kwa sasa, chukua kitambulisho, pita kwenye rafu polepole. Sitasema utapata riwaya iliyotoka mwaka jana, lakini vile vya zamani vya Kiswahili ambavyo nimesema dukani havipo tena, mimi vingine nimevikuta maktaba. Na kina siku ya kurudi! Hapo ndipo kuazima kunaposhinda njia zote kwa mtu anaenunua bila kusoma, kitabu chako mwenyewe kinakusubiri mpaka kife, cha watu kinakwambia tarehe kadhaa nirudishe. Huyu mpwa wangu mwenyewe, mtu wa kimoja kwa mwezi, nilipomuazima changu nikamwambia nakitaka Ijumaa ya pili kuna mwengine anakingoja, kakileta Jumatano na kamaliza.

Kuazimana wenyewe kwa wenyewe ni kuzuri vile vile lakini iwe kwa daftari. Jina, kitabu, tarehe, basi. Sisi wa barazani kwetu tupo sita na daftari moja, na vitabu vya watu sita ukivijumlisha ni maktaba tosha, mmoja akienda Dar anauliza nani anacho hiki kabla hajanunua, na tumeshajikuta mara tatu kitabu anachotaka kununua mtu kipo kwa jirani yake nyumba ya pili. Bila ya daftari mtaharibiana. Kitabu kikipotea hakuna anaejua kipo kwa nani, na muungwana hudai mara moja tu, baada ya hapo ananyamaza na kinyongo chake.

Simu. Hapa ntapita haraka maana kila mtu anayo na kila mtu ana rai yake. Simu haipati koga, haina mchwa, na kwenye daladala ya 502 unakwenda Bububu umesimama unasoma kwa mkono mmoja. Kwa vitabu vya Kiingereza vya zamani vilivyokwisha hakimiliki sioni sababu hata moja ya kuvinunua, Project Gutenberg ipo tokea 1971 na ina makumi ya maelfu ya vitabu bure na halali, unavishusha ukiwa na bando au waifai na unasoma hata ukiwa huna intaneti. Ukiwa na uwezo wa kununua kile kifaa cha kusomea chenye wino wa elektroniki, macho yako yatakushukuru na chaji inakaa wiki. Lakini mrundo ni ule ule, tena zaidi, kwa sababu hauonekani. Nimeiona simu ya kijana mmoja ina PDF zaidi ya 600 na hajamaliza hata tano, kila kinachotumwa kwenye grupu anakishusha. Na nyingi ya hizo PDF za Kiswahili zinazozunguka ni za wizi, mtu kaskani kitabu cha mwandishi aliye hai, anaeishi kwa kalamu yake, kakitupia watu. Zanzibar tuna sheria ya hakimiliki tokea 2003. Kisha tunalalamika riwaya za Kiswahili hazichapwi tena, atachapa nani na atamuuzia nani? Kama unaipenda lugha hii, riwaya mpya ya Kiswahili inunue ya karatasi, kwa pesa, hata kama utaisoma mwakani. Hiyo ndio sehemu pekee ambayo nnamwambia mtu anunue zaidi ya anavyosoma bila ya kusitasita.

Sasa uchague vipi. Watu wanachagua kwa tabia yao, mimi ni mtu wa kununua, mimi ni mtu wa simu. Mimi nnaona chagua kwa aina ya kitabu. Ukikishika dukani jiulize jambo moja, nikikiacha ntakipata tena? Cha Kiswahili kisichosomeshwa, kitabu cha historia ya visiwa hivi kilichochapwa nakala chache, diwani ya mshairi wa hapa aliyeichapisha kwa pesa zake mwenyewe, nunua leo, hata una vingine ishirini nyumbani. Cha Kiingereza kinachouzwa kila uwanja wa ndege duniani, kiache, hakikimbii. Kamusi na vya marejeo nunua, hivyo havihesabiwi kwenye mrundo kwa sababu havikuandikwa visomwe mwanzo mpaka mwisho. Vya biashara na vya kubadilisha maisha kwa siku thelathini, azima, ukishakisoma kimoja hukirudii. Na kitabu unachokitaka kwa sababu kila mtu anakitaja wiki hii, ngoja mwezi mmoja, ukiwa bado unakitaka agiza kwa boti.

Halafu jiwekee idadi, na idadi yenyewe isitoke kichwani, itoke kwenye siku ya kuanika. Mimi kila mwaka Februari, kaskazi bado linavuma na masika hayajafika, nnavitoa vyote nje. Mkeka uani, kivulini, sio juani maana jua linakausha gundi mgongo ukapasuka. Kila kitabu nnakisimamisha wazi kama hema, nnakipepea kurasa, nnakifuta kwa kitambaa kikavu cha pamba, upepo unafanya kazi iliyobaki. Rafu nnaifuta, nnairudisha vidole vinne mbali na ukuta, chini nimeipandisha kwa matofali. Karafuu kavu nnatia kwenye pembe, kama marehemu bibi alivyokuwa akitia kwenye sanduku la kanga zake. Vitabu usivifunge kwenye mifuko ya plastiki, unafunga na unyevu ndani. Kazi hiyo nikianza baada ya chai mpaka Magharibi nnaweza vitabu 90 kwa uangalifu. Basi idadi yangu ni 90. Mtu mwenye watoto wakubwa wa kumsaidia ataweza 200, na awe navyo, nnamuombea. Kikiingia cha 91 kimoja kinatoka, na kinatoka kikiwa bado kizima kinafaa kwa mtu, sio baada ya kuoza.

Mpwa wangu tumekaa nae tukavigawa vile tisa kwenye mkeka. Vinne ni vya Kiingereza vya kawaida ambavyo angevipata wakati wowote, chengine kimoja tayari kimo kwenye daftari letu, kipo kwa jirani. Viwili ni riwaya za Kiswahili za zamani ambazo mimi mwenyewe nimezitafuta miaka, nikampa mkono wa hongera, moja ina muhuri wa skuli ya Tanga umefifia. Viwili vilivyobaki vya dukani kaniachia mimi nianze, kwa sharti nirudishe baada ya wiki tatu, kaandika mwenyewe kwenye daftari. Lile boksi la Mpendae tutalifungua Jumamosi, tutoe plastiki zote, na vile atakavyoona hatovisoma vinakwenda na boti ya Mkoani, Pemba, kuna mwalimu kule ana kabati la vitabu darasani na rafu mbili za juu ziko tupu.